Diski ya Mbele Kushoto

Kituoni walimwita Mama Kengele, na si kwa sababu ya ukali wa sauti yake, ingawa ukali nao ulikuwepo. Walimwita hivyo kwa ajili ya kinyundo chake kidogo cha mbao, ambacho hakikutoka mfukoni mwa ovaroli ila kwa kazi. Alikuwa mkaguzi wa breki za magari ya wagonjwa, na alikagua kwa sikio: anagonga, ananyamaza, anasikiliza. Ubaya ni kwamba tabia ya kazini ilimfuata mpaka nyumbani. Aligonga matikiti sokoni hadi wauzaji wakachoka naye. Aligonga kuta za nyumba kabla ya kukubali kupanga. Siku moja aligonga sufuria mpya ya mama mkwe wake, akatangaza mbele ya wageni kwamba ina ufa, na kweli jioni ikavuja. Mama mkwe hajamsamehe mpaka leo. Angekuwa amekosea, ingekuwa nafuu.

Basi mtu wa namna hiyo ukimwambia kitu ni kizima, unapoteza pumzi yako. Atasubiri akigonge mwenyewe.

Mchana huo ilikuwa zamu ya gari la pili kukaguliwa. Gari la kwanza lilikuwa safarini tangu asubuhi, na la tatu lilikuwa limekaa uani na injini yake imefunguliwa, likisubiri vipuri ambavyo kila wiki waliambiwa viko njiani. Mama Kengele alitundika diski za gari la pili kwenye kamba, moja baada ya nyingine, akazigonga. Ya nyuma kulia iliimba. Ya nyuma kushoto iliimba. Ya mbele kulia iliimba sauti ndefu na safi, ikachukua muda wake kufifia. Ya mbele kushoto ilisema dup, basi.

Akagonga tena. Dup. Akaizungusha, akagonga upande wa pili, ikaimba kidogo. Akarudi pale pale. Dup, kama mtu anayebisha hodi kwenye chumba kilichojaa magunia. Akachukua chaki, akaanza kuzungushia mahali palipokufa sauti. Alipomaliza, mchoro ulikuwa na ukubwa wa kiganja, ukianzia ukingoni na kuingia ndani. Akaimulika kwa tochi mbele na nyuma. Hapakuwa na alama. Uso wa diski uling'aa vilevile, mweusi na mtulivu, na utulivu ule ndio uliomtia hofu.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana bila hivyo utadhani mwanamke huyu alikuwa anatafuta ugomvi. Kituo kilikuwa juu mlimani, na barabara ya kushuka hospitali kuu ilikuwa ndefu, yenye kona na mteremko usio na huruma. Zamani magari yalitumia diski za chuma. Zilipata moto njiani mpaka breki zikalegea, dereva anakanyaga na gari linamcheka. Ndipo wakubwa walipoleta hizi za kauri yenye nyuzi. Ndani yake mna nyuzi za kaboni, nyembamba kuliko unywele, zimelazwa tabaka juu ya tabaka na kuchomwa pamoja na kauri kwenye tanuri hadi zikawa kitu kimoja. Moto hauzitishi. Tangu zije, hakuna gari lililonuka breki mteremkoni.

Ila zina tabia yao. Chuma ukikipiga kinabonyea, unaona. Kikombe cha kauri ukikiangusha kinapasuka, unaona, unafagia, unalia, yanaisha. Diski hizi ukizipiga, ufa unaanza, nyuzi zinaudaka usiendelee, na kitu kinabaki kimeshikana. Ndiyo sifa yake, na ndiyo hila yake pia. Ndani tabaka zimeachana, nje hakuna habari. Inaendelea kukaa na uso wa mtu mzima mpaka siku ile dereva atakapokanyaga breki kwa nguvu, amebeba mzigo, diski imewaka moto, kona iko mbele.

Kwa hiyo kulikuwa na sheria, na wote waliijua kama wanavyojua majina ya watoto wao. Kabla ya kutoa gurudumu, unafungua bolti mbili kwanza, na mahali pake unafunga pini mbili ndefu. Gurudumu linateleza juu ya pini na kutoka taratibu kama pazia kwenye fimbo yake, haliwezi kuangukia diski. Kila gari lilikuwa na pini zake chini ya kiti cha dereva, zimefungwa kwenye kitambaa cha bluu. Mama Kengele ndiye aliyezifunga kwa mikono yake.

Na anayeendesha gari la pili alikuwa mume wake.

Magurudumu yote manne yalikuwa yameshatolewa na kuegemezwa ukutani. Hiyo ilikuwa kazi ya wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke wa miraba minne aliyebeba gurudumu kama unavyobeba mto wa kulalia. Gereji nzima ilimwita Jeki. Alikuwa na leseni pia, na dereva akikosekana yeye ndiye aliyeshika usukani. Wawili hawa walifanya kazi pamoja bila kupigana, na kwa wifi na wifi hilo si jambo dogo. Lakini siku za karibuni Mama Kengele alikuwa na neno moyoni. Mara tatu au nne aliwakuta kaka na dada wakinong'ona nyuma ya matairi, na kila alipotokea, mazungumzo yaligeuka ghafla kuwa ya hali ya hewa. Watu hawanong'oni kuhusu hali ya hewa.

"Wifi," aliita.

"Abee." Jeki alitokea chini ya gari la tatu, mikono imejaa grisi.

"Hili la mbele kushoto ulilitoa na pini?"

"Na pini. Yote manne."

"Una uhakika?"

"Wifi, umeanza."

"Sijaanza. Sikiliza." Akagonga diski ya nyuma, ikaimba. Akagonga ile yenye chaki.

Macho ya Jeki yalikimbia ukutani kwenye magurudumu, yakarudi. Ilikuwa safari fupi sana ya macho, lakini Mama Kengele aliiona, akaiweka.

"Sikuigonga," Jeki alisema. "Haki ya Mungu, wifi. Mimi sijaigonga."

"Mimi sijasema wewe. Nimesema imegongwa."

"Umeniita mimi."

"Nimemwita anayetoa magurudumu."

Walikuwa wamefika hapo wakati Mkuu wa kituo alipoingia. Huyu naye, nyuma ya mgongo wake, walimwita Haraka, kwa kuwa neno hilo lilitangulia kila sentensi yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mlima mzima wa wagonjwa na gari moja na nusu.

"Haraka, nipeni gari la pili. Lile la kwanza halirudi kabla ya jioni."

"Halitoki," Mama Kengele alisema. "Diski ya mbele kushoto imekufa."

Mkuu aliinama akaimulika diski kwa tochi yake mwenyewe, akaizungusha, akapitisha kidole. "Mbona nzima?"

"Ndiyo tabia yake, Mkuu. Gusa uone, kisha sikiliza."

Akasikiliza. Hakubisha. Mwaka uliopita aliwahi kubisha, diski ikakatwa katikati hospitali kuu, ikakutwa imeachana tabaka kama kitabu kilichonyeshewa. Tangu hapo sikio la mwanamke huyu lilikuwa ndio mwisho wa maneno. Lakini uso wake ulikunjamana.

"Haya. Chukueni diski ya gari la tatu, mfunge. Lakini nataka kujua ni nani." Aliwatazama wote wawili. "Kugonga ni ajali, hata mimi ningeweza kugonga. Aliyegonga akanyamaza, akaacha gari literemke mlima na mgonjwa ndani, huyo hapa kwangu hana kazi tena."

"Ni mimi," Jeki akasema.

Mama Kengele aligeuka taratibu. Sasa hivi mtu huyu ameapa kwa Mungu. Anayekana kwa kiapo, halafu anakubali kabla hajabanwa, ama ameingiwa na wazimu ama anamkinga mtu. Na Jeki hakuwa na wazimu.

"Tutaongea," Mkuu alimwambia Jeki, akiwa na huzuni kuliko hasira, kwa sababu simu ilikuwa inalia ofisini na Jeki alikuwa mtu wake wa nguvu. "Kwanza fungeni hiyo diski. Haraka."

Akaondoka. Mama Kengele akakunja mikono kifuani.

"Uliigonga na nini, wifi?"

"Na spana. Ilinitoka mkononi."

"Wapi?"

"Hapo. Kwenye chaki."

"Kwenye chaki, kwa sababu chaki unaiona." Akaigusa diski. "Spana inaacha ugonjwa mdogo kama sarafu. Hii ni kiganja kizima, tena imeanzia ukingoni. Hii ni rimu. Gurudumu zima limeangukia hapa kwa uzito wake. Wewe, Jeki, toka lini gurudumu likakushinda?"

Jeki alikwenda kwenye gari la tatu akaanza kufungua diski yake, akimpa wifi yake mgongo, na mgongo wa Jeki ulikuwa mpana wa kutosha kuficha mengi.

Ndipo Mama Kengele alipoikumbuka ile safari fupi ya macho. Akaenda ukutani. Magurudumu manne, matatu yametazama nje kama ilivyo desturi, moja limetazama ukuta. Akalivuta, akaligeuza. Kwenye rimu palikuwa na mviringo wa rangi ya njano. Njano ilikuwa alama ya gurudumu la akiba, lile linalokaa nyuma ya gari likisubiri siku mbaya. Akafungua nyuma ya gari. Pale pa akiba palikuwa na gurudumu lisilo na rangi, lenye kiraka kipya.

Kwa hiyo kulikuwa na pancha, njiani, na mtu alibadilisha gurudumu peke yake. Na hakuna aliyeambiwa, isipokuwa huyu mwenye mgongo mpana aliyeziba kiraka na kugeuzia njano ukutani.

"Kaka yako alipata pancha lini?"

Spana ilisimama. "Juzi."

"Wapi?"

"Muulize mwenyewe, wifi. Nakuomba. Muulize mwenyewe."

Mama Kengele aliingia upande wa dereva, akapapasa chini ya kiti, akatoa kitambaa cha bluu. Pini zilikuwamo, kavu, hazina hata alama ya grisi mpya. Jeki alitumia pini za gereji, na hizi hazikutumika. Lakini kilichomshangaza ni fundo. Yeye alifunga mafundo mawili, moja juu ya jingine. Hili lilikuwa moja, limelegea, na ncha ya kitambaa ilikuwa imekakamaa na ina alama ndogondogo, kama iliyotafunwa. Mtu alijaribu kuzifungua, fundo la kwanza likaachia, la pili likamshinda. Mtu mwenye haraka, alijisemea. Alikuwa na haraka ya kwenda wapi?

Sasa, mashaka yakishapewa kiti hukaribisha jamaa zake. Yalimjia yote kwa mara moja pale kwenye kiti cha dereva. Mume wake alikuwa mtu wa mashati, mashati ya vifungo, yaliyopigwa pasi. Tangu mvua za mwanzo amehamia fulana, na fulana zenyewe mpya, na alipoulizwa alisema ni joto. Joto gani, mlimani? Alikuwa akimbeba mtoto wao mdogo mabegani kila jioni. Siku hizi anasema mtoto amekua. Chai anaishika kwa mkono wa kushoto, mtu aliyewachapa wanawe kwa kosa hilohilo, na alipoulizwa alisema mkono wa kulia umeshika simu. Na kweli ulikuwa na simu, lakini simu ilikuwa imelala tu kiganjani, haisemi na mtu. Halafu minong'ono na dada yake. Halafu pancha isiyosemwa, mahali pasiposemwa.

Mwanamume anayebadilisha nguo ana wa kumvalia. Hilo alilisikia tangu akiwa msichana, na hakuwa amewahi kupata sababu ya kulipinga. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na hawa wawili wananila nikitazama. Uchungu wake ulikuwa wa kweli, kwa sababu alimpenda yule mtu na alikuwa hajui kumpenda bila kumkagua.

Mume alikuja kushika zamu yake akitokea mlango wa uani, ndani ya fulana ya kijivu, akitabasamu. Alikuwa mwembamba mrefu, mtu wa utani, ambaye wagonjwa walimpenda kwa sababu aliwasimulia vichekesho kwenye kona mbaya ili wasitazame dirishani.

"Mama watoto, mbona umekaa kwenye kiti changu? Unataka kuninyang'anya mkate?"

"Juzi ulipata pancha wapi?"

Tabasamu lilibaki mahali pake muda kidogo baada ya mwenyewe kuondoka. Alimtazama dada yake. Jeki alikuwa amefika na diski ya gari la tatu, ameikumbatia kifuani. Alitikisa kichwa: sijasema.

"Kwenye kona ya mitiki. Nikipandisha, gari tupu."

"Kona ya mitiki hakuna nyumba."

"Hakuna."

"Kwa hiyo hukuwa kwa mtu."

"Kwa mtu gani?"

"Wewe ndiye utaniambia. Unavaa fulana mpya, unanong'ona na dada yako, unapata pancha huisemi, unaficha gurudumu. Mimi ni mtu mzima, baba watoto. Mtu mzima akiona moshi haulizi kama kuna moto, anauliza unawaka kwa nani."

Na hapo mume akacheka. Kicheko kilimponyoka, kikavu, cha mtu aliyeshtakiwa wizi wa kuku wakati anaficha maiti. Akakaa juu ya gurudumu lenye njano.

"Ingekuwa hivyo," alisema, "ningekwisha kukuomba msamaha zamani."

Mama Kengele alimtazama. Kitu kwenye kicheko kile hakikuwa sawa. Hakujua ni nini, ila alijua sauti ya kitu kisichokuwa sawa. Aliangalia kitambaa cha bluu mkononi mwake, ile ncha iliyotafunwa, na safari hii aliiona vizuri. Aliyehangaika na fundo hili alitumia mkono mmoja na meno.

Akateremka kwenye gari. Akatoa kinyundo mfukoni, akampa.

"Gonga hiyo diski."

"Kazi yako hiyo, mimi nijue nini?" Lakini alinyoosha mkono wa kushoto.

"Kwa wa kulia."

"Wifi, mwache," Jeki alisema kwa sauti ya chini.

"Kwa wa kulia, baba watoto."

Alikipokea kwa mkono wa kulia. Vidole vilikifuata kinyundo, vikakizunguka, ungeapa vimekishika. Akaunyanyua mkono. Kinyundo kilitoka katikati ya vidole kama kilivyoingia, kikaanguka sakafuni, kikadunda mara moja na kutulia karibu na kiatu cha mkewe. Hakuna aliyekiokota.

"Tangu lini?" Sauti ya Mama Kengele ilikuwa ndogo.

"Tangu mvua za mwanzo. Asubuhi moja niliamka mkono hauko. Nikadhani nimeulalia. Siku nyingine unakuwa mzima kabisa, nakwambia kweli, siku nyingine nashika usukani hivi na nguvu zote. Kisha unaondoka." Alikuwa akiutazama mkono ule kama mtu wa tatu aliyemharibia. "Vifungo ndivyo vilivyonishinda kwanza. Juzi gurudumu lilinitoka. Pini sikuweza kuzifungua, nikasema nitalitoa hivyohivyo taratibu. Nililisikia likigonga. Nikaangalia, nikaona diski haina kitu, nikamshukuru Mungu."

"Ukaishukuru sura yake," mkewe alisema. "Wewe, mume wangu mimi. Ukamshukuru Mungu kwa sura ya diski."

"Na wewe?" Mama Kengele alimgeukia Jeki.

"Mkono niliujua," Jeki alisema, machozi yakimchora kwenye grisi. "Nilimkuta ameshindwa kufunga viatu, nikamfungia. Aliniapisha. Pancha niliijua. Kwamba gurudumu limeiangukia diski, hilo haki ya Mungu sikulijua mpaka ulipoigonga. Ningejua nisingeacha aingie kwenye gari lile, wifi. Ni kaka yangu."

"Ni kaka yako, ukamwacha ashuke mlima na mkono mmoja."

Jeki alichuchumaa akaanza kufunga diski ya gari la tatu. Mama Kengele alikuwa ameshaigonga kabla haijafika kwenye habu, kitovu kile kinachobeba gurudumu, bila kufikiri, kwa kifundo cha kidole. Iliimba.

Walirudisha diski zote, kisha magurudumu. Gurudumu la mwisho lilikuwa linaingia kwenye pini wakati mlango wa ofisi ulipofunguka kwa kishindo.

"Haraka. Mama mjamzito, bonde la pili, uchungu umekwama tangu alfajiri, damu inatoka. Gari?"

Mume alisimama. Alimkaribia mkewe, akasema kwa sauti ambayo Mkuu hakuisikia. "Hii moja tu. Leo unashika, naujua. Kesho nitakwenda kwa daktari, nitawaambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nikitolewa kwenye gari hili, mimi nitakuwa nani? Nitakaa nyumbani nikusubiri urudi unigonge? Mke wangu, hii moja tu."

Hakuwahi kumwomba kitu namna ile, hata alipomposa. Alipomposa alikuja na utani. Mama Kengele aliona mtoto wa mtu aliyelala bondeni, asiyejua majina yao, anayesubiri gari juu ya kitanda. Aliona kona ya mitiki. Aliona pia nyumba yao, kiti cha mumewe kando ya dirisha, na yeye akiwa amekaa pale mchana kutwa na mikono miwili iliyotulia mapajani. Na maneno ya Mkuu yalikuwa bado yamening'inia hewani: aliyegonga akanyamaza, hana kazi.

"Gari?" Mkuu alirudia. "Limepita?"

"Gari limepita," alisema Mama Kengele.

"Haya, dereva, twende."

"Dereva hajapita."

Mkuu alisimama. Mume aliinamisha kichwa. Mama Kengele alimsubiri aseme mwenyewe. Alimpa nafasi yote ambayo mama wa bondeni angeweza kuimudu, na haikuwa kubwa. Mume hakusema.

"Mkono wake wa kulia haushiki, Mkuu. Umeanza zamani. Diski aliigonga yeye, si huyu. Huyu amejitwisha tu. Mimi ndiye ninayekwambia. Mimi mkewe."

Mkuu aliwatazama, mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue hakusema haraka. Kisha akamtupia Jeki funguo. Jeki alizidaka, akampita wifi yake akimtazama kwa jicho ambalo Mama Kengele alilikumbuka, maana mama mkwe alimtazama nalo siku ile ya sufuria. Gari lilitoka. Mkuu alirudi kwenye simu yake, akafunga mlango pole pole.

Wakabaki wawili. Mume alikaa tena, safari hii juu ya gurudumu lililotolewa kwenye gari la tatu, na mkewe akakaa kando yake, kwenye sakafu yenye mafuta, asijali ovaroli. Chini huko waliisikia breki ya gari ikishika kwenye kona ya kwanza, ikashika vizuri, kisha kwenye ya pili. Alisikiliza mpaka sauti ikapotea.

"Mimi nasikia ufa ndani ya kitu kisicho na alama," alisema. "Mwaka mzima watu wananisifu. Na mkono huu nalala nao. Kila usiku uko hapa, begani kwangu, na sikusikia kitu. Nilidhani una mwanamke."

"Nilitamani udhani hivyo," alisema mumewe.

Alilia basi, bila kujificha, na hakuwa mwanamke wa kulia. Alipomaliza alijipangusa kwa kitambaa cha bluu kilichokuwa bado mkononi mwake. Akauchukua ule mkono wa kulia, akauweka ndani ya wake, akavipanga vidole kimoja kimoja juu ya vidole vyake.

"Bana," alimwambia.

Akasubiri, ameinamisha kichwa upande mmoja kama anavyosikiliza kazini.

"Ninabana," alisema mumewe.